Mcheza Ngoma Katika Senema: Maisha ya Kisanaa ya Zohra Segal, 1935–2007

Kitenzi -cheza katika Kiswahili kimebebeshwa mizigo mingi. Mtu hucheza ngoma, hucheza bao, hucheza mpira. Na watazamaji wa kawaida, wanapotoka katika jumba la senema, huulizana ni nani aliyecheza, wakiwa na maana ya nani aliyeigiza. Wanazuoni ndio walioona haja ya kutenga. Wamemweka mchezaji upande mmoja, na upande wa pili wakamweka mwigizaji, ambaye jina lake limenyambuliwa kutokana na -iga. Utengaji huo una manufaa yake darasani, hasa panapohitajika istilahi zisizogongana. Lakini unapochukuliwa na kutumiwa katika historia ya sanaa huzaa upotofu, kwa sababu humfanya mwanahistoria aone kazi mbili pale ambapo msanii mwenyewe alikuwa na kazi moja tu.

Makala haya yanachunguza upotofu huo kwa kufuatilia maisha ya msanii mmoja wa Bara Hindi, Zohra Segal, aliyeanza kazi yake mwaka 1935 akiwa mcheza ngoma katika kundi la Uday Shankar, na ambaye alionekana katika senema kwa mara ya mwisho mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 95. Watazamaji wengi wa siku za mwisho, pamoja na wale wa Mombasa na Nairobi wanaofuata senema za Kihindi, humjua kama bibi kizee mcheshi, mwenye macho makali na ulimi mkali zaidi. Kwa mujibu wa picha hiyo, ngoma ilikuwa ni jambo la ujana lililoachwa, na uigizaji ni kazi nyingine iliyoanza baadaye. Hoja inayotolewa hapa ni kinyume cha hayo: kwamba alichokifanya mbele ya kamera kilikuwa ni ile ile elimu ya viungo aliyoipata katika ujana, ikihamishwa hatua kwa hatua, kadiri mwili ulivyopungukiwa nguvu, kutoka miguuni hadi mikononi, na kutoka mikononi hadi usoni.

Yafaa ikumbukwe kwamba nadharia ya kale ya Kihindi yenyewe haikuukubali utengaji huo. Natyashastra, kitabu cha Kisanskriti kinachohusishwa na Bharata, kinaliweka neno natya juu ya vyote: tamthilia, ngoma, muziki na uigizaji vimo ndani yake. Chini ya neno hilo hutajwa nritta, yaani mwendo mtupu wa viungo usiokusudia kusimulia kitu, na nritya, yaani mwendo unaobeba maana na hisia. Nayo maonyesho ya hisia, yaitwayo abhinaya, hugawanywa katika njia nne: ya viungo, ya maneno, ya mavazi na mapambo, na ile ya hali ya ndani inayojitokeza kwa jasho, machozi au mtetemeko. Msomi wa Kiswahili hatashangazwa na mpangilio huo. Neno ngoma nalo lina tabia kama hiyo, maana ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni shughuli nzima wanayoijia watu. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walisisitiza dhana pana ya sanaa za maonyesho kwa sababu waliona kwamba kipimo cha tamthilia ya Kizungu peke yake kingeziacha nje sanaa zilizo hai zaidi.

Zohra alizaliwa tarehe 27 Aprili 1912 huko Saharanpur, kaskazini mwa India, katika ukoo wa Warohilla, Wapathani Waislamu wenye asili ya Rampur. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Sahibzadi Zohra Begum Mumtazullah Khan, na neno la kwanza katika jina hilo linatosha kueleza hadhi ya ukoo. Wanawake wa nyumba za namna hiyo waliishi katika utawa. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana maana ya jambo hili, kwani utawa na shiraa vilikuwa sehemu ya maisha ya waungwana wa Lamu, Mombasa na Unguja katika miaka hiyo hiyo. Mamake, aliyefariki mtoto akiwa bado mdogo, alitaka binti zake wasome, na Zohra akapelekwa Lahore katika chuo cha Queen Mary, ambapo wasichana wa nyumba kubwa walifundishwa pasipo kuonekana na wanaume.

Ili kupima uzito wa njia aliyoifuata baadaye, ni lazima kukumbuka jinsi ngoma ilivyotazamwa wakati huo. Wanawake waliocheza mbele ya hadhara walikuwa ni watu wa tabaka maalumu: watumishi wa mahekalu wa kusini, na matawaifu wa kaskazini, ambao kwa kweli walikuwa mahodari wa ushairi wa Kiurdu na wa muziki, lakini ambao jina lao halikutajwa mbele ya mabinti. Kuanzia miaka ya 1890 serikali ya kikoloni, wamisionari na wanamageuzi wa Kihindi walishirikiana katika kampeni ya kuzipiga vita ngoma hizo. Katika senema hali haikuwa bora. Raja Harishchandra, filamu ndefu ya kwanza ya India, ilitoka mwaka 1913, na katika filamu hiyo malkia aliigizwa na mwanamume, kwa kuwa hakupatikana mwanamke wa kukubali. Binti wa Saharanpur alikuwa na umri wa mwaka mmoja wakati huo.

Mjomba wake aliyekuwa akiishi Edinburgh ndiye aliyemfungulia mlango. Mnamo mwaka 1930 walisafiri kwa motokaa kutoka Lahore, wakapita Iran na nchi za Sham na Palestina hadi Misri, kisha wakapanda meli kwenda Ulaya. Nia ilikuwa asomee uigizaji Uingereza. Badala yake, kwa ushauri wa shangazi mmoja, alifikia Dresden, Ujerumani, katika shule ya Mary Wigman, na huko akakubaliwa ingawa hakuwa amepata kucheza ngoma maishani mwake. Alikaa miaka mitatu.

Ni rahisi kuupita upesi mwanzo huo kana kwamba ni kituko cha safari. Kwa kweli ndio ufunguo wa mengi. Wigman (1886–1973) alikuwa mkuu wa mkondo wa ngoma uliozikataa taratibu za baleti. Wachezaji wake walicheza miguu mitupu; muziki haukuwa bwana wa mwendo, na mara nyingi palitumika mapigo ya ngoma na tasa tu, au kimya kitupu. Mchezaji hakufundishwa mitindo ya kukariri. Alitakiwa aitafute hisia kwanza, kisha aulize mwili utaibebaje: uzito unakaa wapi, pumzi inaingia lini, mgongo unafanya nini mtu anapoogopa. Mwanafunzi aliyelelewa katika utawa alijifunza hapo kwamba mwili ni lugha yenye sarufi yake. Jambo la kutilia maanani zaidi ni kwamba sarufi hiyo haikuwa ya ujana peke yake. Baleti humtaka mchezaji awe mwepesi na aruke, na kwa hiyo humtupa mapema. Mafunzo ya Wigman yaliukubali uzito, ardhi, hata ubaya wa sura. Mwanafunzi wa shule ya namna hiyo anapozeeka hapotezi kila kitu.

Akiwa Ulaya ndipo alipoiona sanaa ya Uday Shankar (1900–1977), na tarehe 8 Agosti 1935 akajiunga na kundi lake. Uday Shankar alikwenda London kusomea uchoraji, akacheza pamoja na Anna Pavlova mwaka 1923, kisha akaunda kundi lililoizunguka dunia. Watazamaji wa Paris na New York waliamini kwamba wanaonyeshwa India ya kale. Wahafidhina wa nyumbani walilalamika kwamba hakuwa na mafunzo kamili ya mkondo wowote wa jadi, na lawama hiyo haikukosa ukweli, kwani mengi aliyatoa katika michoro na sanamu za mahekalu, akayaunganisha kwa jicho la mchoraji. Ilikuwa sanaa mpya iliyovaa joho la kale. Basi kulikuwa na kinaya fulani katika kuajiriwa kwa Zohra: kundi lililoipeleka India kwa Wazungu lilimchukua msichana aliyejifunza kucheza kwa Wajerumani. Alisafiri nalo Japani, Misri, Ulaya na Marekani, akawa miongoni mwa wachezaji wake wakuu pamoja na Mfaransa Simone Barbier, aliyejulikana kwa jina la Simkie. Ndani ya kundi hilo alikuwamo pia ndugu mdogo wa Uday, Ravi Shankar, ambaye baadaye aliacha kucheza akashika sitar.

Ziara zilipokwisha, Uday Shankar alifungua kituo cha sanaa huko Almora, chini ya milima ya Himalaya. Hapa ndipo sifa nyingine ya Zohra ilipojitokeza, ile ya ualimu. Walioalikwa kufundisha walikuwa mabingwa wa mikondo ya jadi: Sankaran Namboodiri wa Kathakali, Kandappa Pillai wa Bharatanatyam, Amobi Singh wa Manipuri, na Allauddin Khan katika muziki. Kila mmoja alikuwa na mapokeo yaliyopitishwa kwa mdomo na kwa kuiga, kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi wa nyumbani. Kazi ya Zohra ilikuwa kuandaa mtalaa wa miaka mitano ambao ungeyaweka hayo yote katika utaratibu mmoja wa kufundishika. Wale wanaoshughulika na kuandaa vitabu vya fasihi simulizi kwa shule watatambua ugumu wa jambo hilo: kila kinachoandikwa hupoteza kitu, na kisichoandikwa hufa na mwenyewe. Miongoni mwa wanafunzi wa Almora alikuwa kijana aitwaye Guru Dutt.

Huko huko alikutana na Kameshwar Segal, Mhindu wa Indore, mwanasayansi, mchoraji na mchezaji, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka minane. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1942 baada ya upinzani wa wazee kulegea. Jawaharlal Nehru alitazamiwa kuhudhuria sherehe hiyo, lakini siku chache kabla yake viongozi wa harakati za kuwataka Waingereza waondoke India walikamatwa, naye akiwa mmojawao. Kituo cha Almora hakikudumu. Mume na mke walifungua shule yao Lahore, wakaiita Zoresh, jina lililoungwa kutokana na majina yao mawili. Lakini Lahore ya miaka hiyo haikuwa mahali pa ndoa ya Mwislamu na Mhindu. Chuki zilizokuja kuigawa nchi mwaka 1947 zilikuwa zimekwisha anza kunuka mitaani, na mnamo mwaka 1945 walihamia Bombay.

Katika Bombay dada yake mdogo, Uzra, alikuwa tayari mwigizaji mkuu wa kike wa Prithvi Theatre, kundi lililoanzishwa na Prithviraj Kapoor mwaka 1944. Zohra aliajiriwa hapo kwa mshahara wa rupia 400 kwa mwezi. Aliajiriwa kuwa mwelekezi wa ngoma, si mwigizaji. Nafasi za kuigiza alizipata kidogo kidogo, na nyingi zilikuwa ndogo kuliko za dada yake. Alikaa miaka kumi na minne. Kundi lilizunguka miji ya India kwa treni, likicheza katika Kihindustani, ile lugha ya kati ambayo wanasiasa wa pande zote mbili walikuwa wakiivuta kila mmoja upande wake, huku wakiiita Kihindi na huku wakiiita Kiurdu. Mchezo wa Deewar, yaani ukuta, ulionyeshwa tangu mwaka 1945 na ulihusu ndugu wanaogawanywa katika nyumba yao wenyewe. Miaka miwili baadaye hapakuwa na mtazamaji aliyehitaji kufafanuliwa. Baada ya maonyesho Prithviraj mwenyewe alisimama mlangoni, ameinamisha kichwa na kutandaza nguo kama mwombaji, akipokea michango kwa ajili ya walioteseka.

Miaka hiyo ndiyo iliyokamilisha elimu yake. Wigman alikuwa amempa mwili na Uday Shankar akampa ishara. Prithvi ilimpa sauti. Mchezaji wa kundi la Uday hakusema neno jukwaani. Sasa ilibidi ajifunze kulibeba neno la Kiurdu hadi safu ya nyuma bila kipaza sauti, na kulibeba sawasawa na mkono. Mazoezi ya viungo na ya sauti aliyoyashika wakati huo aliendelea nayo kila siku hata alipovuka umri wa miaka tisini.

Senema ya kwanza alizozicheza zilitoka mwaka 1946, nazo hazikuwa za anasa. Alijiunga na Indian People's Theatre Association, chama cha wasanii wa mrengo wa kushoto kilichoundwa mwaka 1943, na chama hicho ndicho kilichotoa Dharti Ke Lal, filamu ya K. A. Abbas kuhusu njaa ya Bengal ya mwaka 1943. Katika mwaka huo huo alicheza katika Neecha Nagar ya Chetan Anand, filamu iliyokuwa miongoni mwa zile zilizopata tuzo kuu katika tamasha la Cannes mwaka 1946. Muziki wa filamu zote mbili ulitungwa na Ravi Shankar. Ni jambo la kuangaliwa kwamba wawili waliofunzwa kupendeza macho ya watalii wa Ulaya walikutana tena katika kazi ya kuonyesha njaa na maji machafu. Katika filamu hizo ngoma haikukoma. Ilibadilishiwa kazi tu: umati wa watu wenye njaa wanaotembea kuelekea mjini ni mpangilio wa miili, na anayejua kupanga miili hujua pia jinsi ya kukaa ndani ya mpangilio huo bila kujitokeza.

Aidha alitunga ngoma za senema. Guru Dutt, yule mwanafunzi wa Almora, alipoelekeza filamu yake ya kwanza, Baazi, mwaka 1951, ngoma zake zilitungwa na mwalimu wake wa zamani. Katika mwaka huo ilitoka pia Awaara ya Raj Kapoor, yenye ile sehemu maarufu ya ndoto ambamo ngazi, mawingu na sanamu kubwa huonekana na kutoweka. Utunzi wa ngoma ya ndoto hiyo hutajwa katika baadhi ya kumbukumbu kuwa ni wa Simkie, na katika nyingine kuwa ni wa Zohra. Kwa historia ya sanaa, mgongano huo una funzo kubwa kuliko jibu lake. Mtunzi wa maneno ya wimbo hujulikana, mtunzi wa muziki hujulikana, mwimbaji wa nyuma ya pazia hujulikana. Aliyeamua mkono uinuke wapi na kundi ligeuke lini huachwa kwa uvumi. Hata hivyo, iwe ni huyu au yule, asili ni moja, maana wote wawili walitoka katika kundi la Uday Shankar, na jinsi miili inavyopangwa katika ndoto ile kama michoro ya ukutani inashuhudia hivyo.

Suala hili linagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Senema za Kihindi za miaka ya 1950 zilijaza majumba ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na si Wahindi peke yao waliozitazama. Nyimbo zake ziliingia katika taarabu, na waimbaji kama Juma Bhalo wa Mombasa walijulikana hasa kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika tuni za Kihindi. Watafiti wa taarabu wamefanya vyema kuzifuatilia tuni hizo. Walichokiacha ni mikono na shingo. Mtazamaji aliyetoka na tuni kichwani alitoka pia na namna ya kugeuza kichwa, ya kushika ncha ya mtandio, ya kupepesa macho kabla ya kibwagizo, na mambo hayo hayakuumbwa na mwimbaji. Waliyaumba watu kama Zohra na Simkie, ambao majina yao hayakuandikwa katika mabango.

Mwaka 1959 Kameshwar alifariki, na mwaka uliofuata Prithvi Theatre ikafungwa. Zohra alibaki na watoto wawili. Alihamia Delhi kuongoza chuo cha sanaa kilichokuwa kimeanzishwa hapo, kisha mwaka 1962, akiwa na miaka hamsini, akaenda London kwa msaada wa masomo ya tamthilia. Inastahili kutajwa kwamba mwaka 1963 Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya sanaa hizi, ilimtunukia tuzo yake, na tuzo hiyo ilikuwa ya utunzi wa ngoma. Taifa lilimtambua kuwa mcheza ngoma wakati ule ule ambao yeye alikuwa akizunguka London kutafuta nafasi ya kuigiza.

Miaka ishirini iliyofuata ndiyo inayorukwa na wengi wanaoandika habari zake, pengine kwa sababu haina fahari. Alifundisha ngoma ya mtindo wa Uday Shankar katika shule ya Ram Gopal. Alipata nafasi ndogo katika televisheni ya BBC: igizo lililotokana na hadithi ya Kipling mwaka 1964, kisha mfululizo wa Doctor Who mwaka 1965. Akaonekana katika filamu za Ismail Merchant na James Ivory, The Guru (1969) na Bombay Talkie (1970). Mwanamke wa Kiasia katika televisheni ya Uingereza wakati huo alihitajiwa awe yaya, mtumishi au mama mkwe asiyejua Kiingereza. Mtu aliyekuwa amecheza mbele ya watazamaji wa mabara matatu alipewa sekunde chache za kupita nyuma ya Mzungu akiwa amebeba sinia. Aliibeba sinia hiyo kama mtu aliyefundishwa kubeba sinia. Huenda ni kichekesho, lakini ni ukweli wa kisanaa pia: katika sehemu ndogo isiyo na maneno, mwigizaji aliyefunzwa na tamthilia ya maneno hana silaha, ilhali mcheza ngoma anayo.

Kati ya mwaka 1976 na 1977 aliongoza Padosi, mfululizo wa BBC wa vipindi 26 uliolenga familia za Kiasia. Familia hizo hazikutoka Bara Hindi peke yake. Wengi walifika kutoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wengine maelfu kutoka Uganda baada ya amri ya Idi Amin ya mwaka 1972. Kisha, mwaka 1984, televisheni ya Granada ilionyesha The Jewel in the Crown, iliyotokana na riwaya za Paul Scott, naye akacheza Lady Chatterjee. Alikuwa na miaka 71. Hatimaye alipewa mtu kamili wa kumwigiza: mwanamke wa tabaka la juu la Kihindi anayewajua Waingereza vizuri kiasi cha kutowaheshimu bila sababu. Anaketi, anasikiliza, na uti wa mgongo wake unasema kinachozuiwa na adabu. Tandoori Nights ilifuata, mwaka 1985 hadi 1987. Mwaka 1993 ikaja Bhaji on the Beach, filamu ya Gurinder Chadha, mwelekezi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1960, inayohusu wanawake wa Kiasia wa Birmingham wanaokwenda kutembea ufukweni Blackpool. Katika filamu hiyo yeye ni mmojawapo wa wazee wanaolinda heshima ya jamii kwa macho tu.

Mwaka huo huo wa 1993 lilitokea tukio ambalo kwa upande wa fasihi lina uzito kuliko filamu hizo. Uzra alikuwa amehamia Pakistan mwaka 1964, na dada hao wawili waliocheza pamoja katika mchezo wa nyumba iliyogawanywa walitenganishwa na mpaka. Kundi la Ajoka la Lahore likawaleta pamoja katika Ek Thi Nani, mchezo wa Shahid Nadeem, uliotungwa kwa kuyategemea maisha yao wenyewe. Vikongwe wawili, mmoja raia wa nchi hii na mwingine wa nchi ile, walisimama katika jukwaa moja mjini Lahore, ule mji ambao Zohra na mumewe waliukimbia, wakizungumza Kiurdu kile kile cha nyumba moja ya Saharanpur.

Baada ya kurejea India alichelewa kupendwa, lakini alipopendwa alipendwa kweli. Katika televisheni alikuwa msimuliaji wa visa vya Mulla Nasruddin, ambaye wasomaji wa Hekaya za Abunuwasi watamtambua kama ndugu wa kuchangia ziwa. Ndipo zikafuata nyanya na mama wazee wa senema: Dil Se (1998), Hum Dil De Chuke Sanam (1999), Veer-Zaara (2004). Nyanya wa senema ya Kihindi kwa kawaida ni mtu wa kulia, kuomba dua na kubariki. Nyanya wa Zohra anabishana. Katika Cheeni Kum (2007) ni mama anayemkemea mwanawe mwenye mvi, akichezwa na Amitabh Bachchan, na vicheko vyote vinategemea wakati: anachelewesha neno nusu sekunde, jicho linatangulia, kidole kinafuata, ndipo neno linapokuja. Mfuatano huo wa jicho, mkono na neno ni wa abhinaya, wala haukubuniwa katika senema.

Filamu yake ya mwisho, Saawariya, ilitoka mwezi wa Novemba 2007. Kijana aliyekuwa akiigiza humo kwa mara ya kwanza kama mhusika mkuu alikuwa Ranbir Kapoor, kitukuu cha Prithviraj. Katika miaka hiyo pia watu walimjia amsomee shairi. Alijua tenzi na ghazali nyingi za Kiurdu kwa moyo, na lililopendwa mno lilikuwa lile la Hafeez Jalandhari, ambalo msemaji wake anashikilia kuwa yungali kijana. Alilisoma akiwa ameketi kitini, magoti yamekataa, na mikono ikafanya iliyobaki. Sangeet Natak Akademi ilimpa uanachama wake wa heshima mwaka 2004, na serikali ya India ikampa nishani ya Padma Vibhushan mwaka 2010. Uzra alifariki mwaka huo wa 2010 nchini Pakistan. Zohra alifariki Delhi tarehe 10 Julai 2014, akiwa na miaka 102. Binti yake Kiran, aliyekuwa amekwisha andika wasifu wa mamake mwaka 2012, ni mcheza ngoma wa mkondo wa Odissi.